Sifuri Isiyojieleza

Kwa wiki sita nilichora upya picha ya jalada la mchezo wangu wa kidijitali mara sita, na kila nilipomaliza niliketi mbele ya kompyuta chumbani kwangu Makorora nikisubiri tarakimu moja ibadilike. Haikubadilika. Duka la mtandaoni nilikouweka mchezo huo liliendelea kunionyesha kwamba watu waliofika kwenye ukurasa wangu kutokana na utafutaji wa duka lenyewe walikuwa 0: siku ya kwanza 0, siku ya kumi 0, siku ya arobaini 0. Wachache walioufungua ni wale niliowatumia kiungo kwa WhatsApp, nao karibu wote nawafahamu hadi majina ya watoto wao.

Mchezo wenyewe si mkubwa. Unamhusu kijana anayesambaza maziwa kwa baiskeli Ngamiani, jambo ambalo mtu wa Tanga halimshangazi, kwa kuwa baiskeli hapa mjini ni chombo cha kazi na wala si pambo. Mchezaji hukabidhiwa madumu mawili alfajiri pamoja na orodha ya nyumba, na kwa sababu mitaa ya Ngamiani imenyooka na imepewa namba, mteja hana haja ya kusema kwamba anakaa nyuma ya mwembe; anasema barabara ya 12, na mwenye baiskeli anajua pa kukatia kona. Akichelewa, maziwa huanza kuganda na mteja hulipa nusu ya bei, isipokuwa mama mmoja wa barabara ya 4 ambaye tangu mwanzo alikuwa anataka mtindi. Niliujenga kwa Godot, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, usiku baada ya kazi ya mchana, kwa muda wa miezi kumi na minne. Ninayataja haya ili msomaji aelewe kwamba ile sifuri sikuiangalia kama mtu anayeangalia alama ya mpira.

Juu ya ukurasa wangu palikuwa na alama ya kijani yenye neno moja: Umechapishwa. Neno hilo ndilo lililonipoteza. Nililisoma kama ambavyo mtu yeyote angelisoma, kwamba kazi yangu imekwishatoka ndani na kuwekwa mezani mbele ya wateja, na kwamba kama hakuna anayeigusa basi kasoro iko kwenye kazi yenyewe. Nilikuja kugundua baadaye sana kwamba kwa duka lile maana yake ni finyu zaidi: mtu mwenye kiungo akikibonyeza, ukurasa utafunguka. Kama utafutaji wa duka unaujua ukurasa huo au hauujui ni jambo jingine, nalo halikuwa na alama yake, si ya kijani wala ya rangi nyingine yoyote.

Sifuri ile ingeweza kuwa na maana tatu. Huenda ukurasa haujaingizwa kabisa kwenye orodha ambayo utafutaji hupekua, kwa hiyo hata mtu akiandika jina la mchezo herufi kwa herufi haupati. Au umeingizwa, lakini umepangwa mbali mno, kwenye kurasa za ndani ambazo watafutaji wachache sana huzifikia. Au unaonekana vizuri, watu wanaupita machoni kila siku, ila picha na jina haviwavuti kubonyeza. Anayetazama takwimu za wageni peke yake huona tarakimu ileile katika hali zote tatu, ilhali dawa zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza hutibiwa kwa kurekebisha fomu, na ni kazi ya dakika mbili. Ya pili hutaka subira, lebo zinazofaa, yaani maneno yanayoeleza mchezo ni wa aina gani, na wachezaji watakaouzungumzia mchezo. Ya tatu ndiyo inayotibiwa kwa kuchora upya picha ya jalada, na ndiyo niliyokuwa nikiitibu mimi, usiku baada ya usiku, bila mgonjwa.

Nilikwenda mbali zaidi ya picha. Wiki ya tatu nilibadilisha jina la mchezo, nikaacha lile nililolipenda na kuweka ambalo nilidhani litatafutwa. Wiki ya nne niliondoa bei, nikaufanya wa bure. Wiki ya tano nilifuta hatua nzima ya mchezo, ile ya kuvuka reli kuelekea mjini, kwa sababu nilijiaminisha kwamba picha zake kwenye ukurasa zilikuwa za giza na zinawakimbiza watu. Hatua hiyo nilikuwa nimeijenga kwa miezi miwili. Nimeirudisha baadaye, lakini haikurudi yote, kwa kuwa sikuwa nimetunza nakala ya kila faili, na kosa hilo ni langu, halimhusu mwenye duka.

Jumamosi moja nilikwenda Deep Sea kutafuta kitoweo na kumwamkia mjomba, ambaye ni dalali wa samaki pale. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza kama bado nauza ile baiskeli ya kwenye simu, nami nikamjibu kwamba naiuza lakini hainunuliwi. Hakuwa na muda wa kunisikiliza, mnada ulikuwa umeanza. Nilisimama pembeni nikatazama. Mvuvi mmoja alikuwa ameshusha tenga la changu, wazuri, macho bado yanang'aa, na alikuwa amechuchumaa kando yake huku wanunuzi wakimpita kama hawamwoni. Alivumilia kidogo, kisha akainuka na kumuuliza mjomba kwa adabu lakini kwa sauti ya mtu aliyekwishakereka kwa nini hakuna anayetaja bei. Mjomba hakugeuka hata uso. "Tenga lako halijaandikwa, mwanangu. Pita kwanza kwa karani." Yule mvuvi akaenda kwa karani, akarudi na kijikaratasi, na kabla sijamaliza kuchagua vibua wangu tenga lake lilikuwa limeshaondoka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu huku nikiwaza lile jibu. Hakuambiwa samaki wake ni wabovu. Hakuachwa ahangaike kuwapanga upya tengani, wakubwa juu na wadogo chini. Aliambiwa kwamba hayumo mnadani, akaambiwa sababu, na akaelekezwa mlango wa kuingilia, yote kwa sentensi mbili fupi za mtu ambaye hakuwa na nafasi.

Jioni ile nilimwomba binamu yangu aliye Muheza aingie kwenye duka lile kwa simu yake, bila kiungo changu, na aandike jina la mchezo kama lilivyo. Hakupata kitu. Akaandika jina langu mimi, hakupata kitu. Hapo ndipo nilipowaandikia wahudumu wa duka, jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki ya kwanza, na ambalo sikulifanya kwa sababu ya aibu: sikutaka kuonekana kama mtu ambaye mchezo wake hauuziki halafu anamsingizia mwenye soko. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilikuwa la heshima na lilikuwa fupi. Nilipopakia faili la mchezo, fomu ilikuwa na kisanduku cha kueleza faili hilo ni la aina gani, la mchezo, la muziki, la waraka au la kitu kingine, na langu lilibaki kwenye kitu kingine. Kwa hiyo, machoni pa mitambo yao, ukurasa wangu haukuwa na mchezo ndani yake, na kurasa zisizo na mchezo haziingizwi kwenye utafutaji.

Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ingekuwa mimi mwenye duka ningeiweka vilevile, maana hakuna mteja anayependa kutafuta mchezo akafunguliwa ukurasa mtupu. Mitambo yao ilijua, tangu dakika ile ya kwanza, kwamba ukurasa wangu hauna faili la mchezo. Ilijua, ikatenda kulingana na ujuzi huo, kisha ikaniwekea alama ya kijani. Ujuzi ulikuwepo na mwenye kuuhitaji alikuwepo, na kati yao palikosekana sentensi moja.

Watengenezaji wa michezo wa kujitegemea huumizwa zaidi na ukimya wa namna hii kuliko kampuni kubwa, kwa sababu kampuni kubwa ina mtu wa kupiga simu upande wa pili, na ina bajeti ya matangazo inayoleta wageni hata utafutaji ukilala. Sisi wa chumbani tunategemea utafutaji. Ushindani nao ni mzito: kwenye Steam, kwa mfano, ambalo ni duka kubwa la mtandaoni la michezo ya kompyuta, mwaka 2024 pekee ilitoka michezo zaidi ya 18,000, na mtu akiona mchezo wake umezama humo, jambo la kwanza analoamini ni kwamba umezama kwa haki. Ndiyo maana sifuri isiyojieleza ni hatari. Humkuta mtu ambaye tayari ana shaka na kazi yake, ikamthibitishia.

Yapo maduka yanayojitahidi, na ni vyema kuyataja. Steam hiyohiyo humpa mtengenezaji ripoti inayotenganisha mara ambazo mchezo wake ulionyeshwa kwa watu na mara ambazo watu waliufungua ukurasa, tena ikigawa kulingana na sehemu ya duka walikotokea. Tofauti hiyo peke yake inatosha kutenga sifuri ya tatu na zile mbili za mwanzo: kama ulionyeshwa mara elfu na waliofungua ni watatu, kaa uchore picha, kama hukuonyeshwa hata mara moja, weka kalamu chini. Google Play nayo humwonyesha mwenye programu wageni waliotoka kwenye utafutaji na waliotoka kwingineko, pamoja na baadhi ya maneno waliyoyaandika, na hili la maneno lina uzito wa pekee kwa sisi tunaoandika Kiswahili. Hapa mjini kuna wanaoandika baiskeli na kuna wanaoandika baisikeli, na nisipoambiwa ni neno lipi lililomleta mtu, sitajua kamwe kwamba nusu ya wanaonitafuta wanapitia mlango ambao sikuufungua.

Hata sharti gumu huvumilika likisemwa kwa hesabu. Mwaka 2023 Google Play iliweka kanuni kwamba mwenye akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba mwaka huo hawezi kutoa programu yake kwa umma mpaka iwe imejaribiwa na watu 20 kwa siku 14 mfululizo; baadaye idadi hiyo ilipunguzwa ikawa watu 12. Kuwapata 12 wenye simu zinazofaa, wenye subira, na wasiojitoa siku ya tisa kwa sababu simu imejaa, si jambo jepesi kwa mtu asiye na kampuni. Mimi niliwakusanya kijiweni, msikitini, na wawili kwa shangazi ambaye aliwaamuru watoto wake. Nililalamika sana wakati ule. Hata hivyo kila asubuhi nilijua nimefika siku ya ngapi na nimebakiza siku ngapi, na sikulala hata usiku mmoja nikijiuliza kama baiskeli yangu imechorwa vibaya.

Huko Ulaya jambo hili limeshaingia kwenye sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1150, iliyoanza kutumika tarehe 12 Julai 2020, inayataka majukwaa ya biashara ya mtandaoni yampe mfanyabiashara maelezo ya sababu pale yanapozuia au kusimamisha bidhaa yake, na pia yaeleze katika masharti yao vigezo vikuu vinavyoamua kipi kipangwe juu na kipi chini. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya umoja huohuo, inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024, imekwenda mbele kidogo na kuhesabu hata kule kushusha tu maudhui ya mtu, bila kuyaondoa, kuwa ni kizuizi anachopaswa kuelezwa sababu yake. Kanuni ya kwanza inawalinda wafanyabiashara walioko ndani ya umoja huo, kwa hiyo mkazi wa Makorora haimfikii, na kisa changu wala hakikuwa adhabu ya mtu yeyote. Lakini inaonyesha kwamba kueleza sababu ni jambo linalotendeka, kwa kuwa maduka makubwa yanalitenda tayari kwa wale ambao sheria inawasemea.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kubezwa. Maduka haya huvamiwa kila siku na watu wanaopakia michezo ya kuiba, kurasa za ulaghai na mafaili yenye virusi, na ukimweleza kila mvamizi ni kitu gani hasa kilichomnasa, kesho atarudi akiwa amekirekebisha. Mwenye duka akikaa kimya, sehemu ya ukimya wake ni ulinzi. Hata zile sheria za Ulaya zimelitambua hilo: ile ya 2019 haiyalazimishi majukwaa kufichua algoriti zao, yaani hesabu za kompyuta zinazopanga matokeo, na ile ya pili inaliacha nje ya wajibu wa kueleza sababu tangazo la kibiashara la udanganyifu linalomwagwa kwa wingi. Jambo ambalo halikubaliki kwangu ni kuutumia ulinzi huo mahali ambapo hakuna cha kulindwa. Kisanduku cha aina ya faili si siri ya usalama. Mlaghai hapati faida yoyote kwa kuambiwa kwamba hakuchagua neno mchezo kwenye orodha. Panapohusika kasoro ya fomu, mtu aambiwe kila kitu, hadi jina la kisanduku. Panapohusika shaka ya ulaghai, inatosha kumwambia kwamba ukurasa wake unasubiri kukaguliwa na binadamu, na ukaguzi huchukua kwa kawaida siku kadhaa. Asielezwe kilichotiliwa shaka, lakini ajue kwamba anasubiri. Mtu anayejua kwamba anasubiri hafuti hatua ya reli.

Katika barua yangu ya pili kwa wahudumu wale, ambayo niliiandika kwa utulivu kuliko ya kwanza, niliwapendekezea waligawe lile neno la kijani. Umechapishwa libaki, kwa kuwa ni kweli, ila chini yake pawe na mstari wa pili unaohusu utafutaji peke yake. Niliwaandikia na mfano wa maneno, nikijitahidi yawe mafupi kama ya mjomba: Ukurasa wako unafunguka kwa mwenye kiungo, lakini haumo kwenye utafutaji, kwa sababu hakuna faili lililotiwa alama ya mchezo, rekebisha hapa. Neno hapa liwe kiungo kinachompeleka mtu kwenye kisanduku chenyewe, si kwenye ukurasa wa msaada wenye aya arobaini ambazo atazisoma zote na kujiona katika kila moja, kama mtu anayesoma dalili za magonjwa usiku. Niliwaomba pia waweke saa. Orodha ya utafutaji haijengwi upya kila sekunde, na mtu aliyerekebisha kasoro yake saa tatu asubuhi, akaitafuta kazi yake saa nne na kuikosa, ataamini kwamba hakurekebisha kitu na ataanza kuvuruga mengine. Mstari mmoja unaosema kwamba badiliko litaonekana ndani ya saa kadhaa ungemwokoa. Kuhusu upangaji, sikuomba wanipe hesabu zao. Niliomba tu niambiwe nilionyeshwa mara ngapi wiki hii, kwa kupitia lebo zipi. Walinijibu kwamba wamelipokea pendekezo. Alama ya kijani, nilipoitazama mara ya mwisho, ilikuwa bado na neno moja.

Baada ya kubadilisha kile kisanduku niliacha kompyuta, nikaenda kulala. Siku ya pili jioni binamu alinitumia picha ya skrini kutoka Muheza, mchezo ukiwa wa kwanza kwenye matokeo, jambo lisilo la kujivunia sana kwa kuwa hakuna mwingine mwenye jina hilo. Wiki iliyofuata watu 31 walifika kutoka kwenye utafutaji, kisha 26, kisha 40. Ni tarakimu ndogo, na baadhi ya waliofika walitazama wakaondoka bila kucheza. Hapo ndipo nilipochukua tena picha zangu sita za jalada na kumpelekea mjomba Deep Sea, mnada ulipokwisha, nikazipitisha moja moja kwenye simu. Alizitazama kwa mkono ulionyooka kama watazamavyo wazee wasiotaka kuvaa miwani. Alisema jua la alfajiri ni zuri katika zote sita, lakini baiskeli haionekani. Nilikuwa nimechora bahari, mawingu, minazi na nyumba za barabara ya 12, na kijana wa maziwa alikuwa mdogo pembeni kama nzi. Picha ya saba nimeanza kuichora jana, na haina jua.